Tusizipe alama za bunduki za kale hadithi zisizo zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nitoe maoni kuhusu makala mliyochapisha juu ya bunduki za kijeshi zinazokusanywa na watu binafsi na majumba ya makumbusho. Picha zilikuwa nzuri na mwandishi alijitahidi, lakini maelezo yaliyowekwa chini ya picha hizo yalinisikitisha, kwa sababu kila alama isiyofahamika kwa haraka ilipewa hadithi: mshale uliopigwa kwenye chuma ukawa ishara ya kikosi cha siri, herufi mbili kubwa zikawa kifupi cha jina la askari, na ua lililokwanguliwa likawa kisasi cha mshindi. Kwa kuwa nimezishughulikia bunduki za namna hiyo kwa miaka mingi, nikizisoma kwa kioo cha kukuzia na kuziwekea kumbukumbu, naona ni wajibu wangu kusema kwamba karibu alama zote hizo zilipigwa na watu ambao hawakukanyaga uwanja wa vita, yaani wakaguzi wa viwandani, makarani wa maghala, mafundi wa karakana na wafanyabiashara wa silaha zilizostaafishwa. Kila alama ilijibu swali la kiofisi: nani ameitengeneza, nani ameikagua, ni mali ya nani, ilitengenezwa upya lini, na inaruhusiwa kutumika kwa kazi gani. Anayetaka kuisoma hana budi kwanza kutafuta ni swali gani kati ya hayo lililokuwa likijibiwa.

Nianze na mshale, kwa kuwa ndio uliopotoshwa zaidi. Mshale mfupi wenye kichwa kipana unaoonekana kwenye bunduki za Uingereza na za nchi zilizokuwa chini ya himaya yake ni alama ya mali ya serikali, na ulikuwa ukipigwa kwenye vifaa vya serikali hiyo muda mrefu kabla ya bunduki za Lee-Enfield za jeshi la Uingereza kuwapo. Ukiukuta ndani ya herufi C, mali hiyo ni ya Kanada. Ndani ya D, ni ya Australia. Ndani ya U, ni ya Muungano wa Afrika Kusini. Na ukiwa na I chini yake, unahusu India. Mishale miwili iliyokutanishwa vichwa, ambayo mwandishi wenu aliifananisha na nyota ya kichawi, ina maana ya kawaida kabisa: serikali imeiuza silaha hiyo, nayo si mali yake tena. Hapo ndipo inapofaa kuitazama bunduki nzima badala ya kuikodolea macho alama moja, kwa sababu kwenye chuma kinachoshika shingo ya kitako cha Lee-Enfield ya zamani kwa kawaida utakuta taji, herufi za mfalme aliyekuwa madarakani, jina au kifupi cha kiwanda, mwaka, na aina ya bunduki. Nyota inayofuata namba III katika maandishi hayo si tuzo ya ushujaa. Inaonyesha muundo uliorahisishwa na kuidhinishwa mwanzoni mwa 1916, pale vita ilipodai bunduki nyingi kwa haraka, hivyo vikaondolewa vitu kama kizuizi cha magazini na shabaha za pembeni za kulenga mbali.

Suala la herufi DP ni zito zaidi. Maelezo yenu yalisema kuwa ni herufi za mwanzo za jina la askari aliyeichora bunduki yake ili isiibiwe. Kwenye bunduki za Uingereza na za nchi zilizofuata utaratibu wake, DP huonyesha kuwa silaha imetengwa kwa mazoezi ya gwaride na mafunzo ya kushika silaha, na kwamba haifai kufyatuliwa risasi. Mara nyingi herufi hizo hupigwa sehemu kadhaa za bunduki hiyo hiyo, na kitako huweza kupakwa mikanda ya rangi nyeupe au nyekundu ili hata mkufunzi aliye mbali aitambue. Sababu ya kutengwa inaweza kuwa mtutu uliochakaa, sehemu zilizolegea, au chuma kilichokatwa kwa makusudi, na jambo hilo halionekani kwa macho ya mtu asiye fundi. Naomba marekebisho ya maelezo hayo yachapishwe upesi, kwani mtu mwenye bunduki kama hiyo na kibali halali cha kuitumia anaweza kuisoma makala yenu, akaridhika kwamba herufi zile ni za marehemu fulani, kisha akaipeleka uwanja wa shabaha.

Hili la usalama halikomei kwa DP. Bunduki za Steyr za mfumo wa Mannlicher wa 1895, zilizotengenezwa kwa ajili ya Austria na Hungaria, zilibadilishwa nyingi katika miaka ya 1930 ili zitumie risasi ya 8×56R badala ya ile ya zamani ya 8×50R. Austria ilipiga herufi kubwa S juu ya chemba (mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) na Hungaria ikapiga H, na hiyo ndiyo tahadhari ya kwanza anayoipata mnunuzi kwamba chemba na mtutu havikubali tena risasi ya awali. Huko Marekani, kwenye bunduki za Springfield za mfumo wa 1903, hakuna hata herufi ya kuonya, bali namba ya mfululizo yenyewe ndiyo onyo: risiva zenye namba chini ya 800,000 za kiwanda cha Springfield, na chini ya 285,507 za Rock Island, zilipashwa moto kwa njia ambayo fundi alikadiria joto kwa kutazama rangi ya chuma kwa macho. Mwanga wa siku ulibadilisha rangi aliyoiona, baadhi ya vyuma vikaungua, na vikawa vya kuvunjika ghafla badala ya kupinda. (Risiva ni kile chuma cha katikati ambamo mtutu hukazwa kwa mbele na bolti huenda na kurudi.) Mtu anayeiona namba hiyo kama namba tu ya kujazia fomu ameikosa habari muhimu kuliko zote zilizo kwenye bunduki yake.

Yapo pia maandishi yanayotisha bila sababu. Msomaji aliyeona mtutu wenye tarakimu 303, 2.222 na 18.5 pamoja na neno la tani atadhani amepata msimbo wa majasusi. Hizo ni alama za majaribio ya nguvu zinazopigwa na nyumba za upimaji za Uingereza pale silaha ya kijeshi ilipotoka serikalini kwenda sokoni: kipenyo cha risasi, urefu wa ganda kwa inchi, na shinikizo la tani kwa inchi ya mraba. Nyumba hizo ni mbili, ya London inayosimamiwa na chama cha mafundi bunduki kilichopata hati yake 1637, na ya Birmingham iliyoanzishwa kwa sheria ya 1813. Vivyo hivyo jina la kampuni na mji lililochongwa kwa herufi ndogo chini ya mtutu, kama vile CAI ST ALB VT, ni la mwagizaji wa Marekani, ambaye sheria ya silaha ya 1968 ilimtaka aandike jina lake. Wakusanyaji wengi huichukia alama hiyo kwa kuwa inaharibu sura, lakini mimi naipenda kuliko nyingi nyingine, kwa sababu haidanganyi. Wengine huenda mbali zaidi na kusema kwamba bunduki isiyokuwa nayo lazima ililetwa nyumbani na askari mkongwe begani mwake. Hoja hiyo haisimami, maana maelfu kwa maelfu ziliingia kibiashara kabla ya 1968 zikiwa hazina alama yoyote ya namna hiyo.

Hata hivyo sitaki nieleweke kuwa hakuna fumbo lolote. Lipo, na lilitungwa kwa makusudi. Ujerumani ilipoanza kujihami upya katika miaka ya 1930 ilitaka kuficha ni viwanda vipi vinatengeneza silaha na kwa wingi gani, hivyo jina la Mauser la Oberndorf likatoweka juu ya risiva za Kar98k, bunduki ya kawaida ya askari wa Ujerumani, na mahali pake pakaandikwa S/42. Hata mwaka ulifichwa kwanza: K ilikuwa 1934 na G ilikuwa 1935. Baadaye ikabaki 42 pekee, kisha tangu 1941 ikaja byf ikifuatwa na tarakimu mbili za mwaka, na mwishoni kabisa svw. Katika utaratibu huo huo wa herufi ndogo, dot ni kiwanda cha Brno huko Czechoslovakia, bnz ni Steyr, ce ni Sauer wa Suhl, na ar ni Mauser wa Borsigwalde mjini Berlin. Herufi hizo hazifupishi jina lolote, na anayejaribu kuzikisia atakesha bure. Zilipangwa kwenye orodha ili adui asizielewe. Waingereza nao walifanya vilevile wakati wa vita, ambapo M ilimaanisha mkoa wa kati wa nchi, N kaskazini na S kusini, zikifuatiwa na namba ya kiwanda. Ndiyo maana bunduki ya Lee-Enfield namba 4 yenye M47C haina jina la kampuni ya silaha ya BSA popote, ingawa ilitoka kwenye kiwanda cha kampuni hiyo kilichopo Shirley.

Pamoja na misimbo hiyo kuna tai mdogo mwenye namba chini yake, ambaye huwababaisha wengi kwa kuwa anaonekana mara nyingi mno kwenye bunduki moja: kwenye risiva, mtutu, bolti, shabaha, vishikizo na hata mbao. Huyo ni wa ofisi ya ukaguzi ya jeshi, na namba ni ya kundi la wakaguzi, si ya kiwanda. Kundi liliweza kuhamishwa au kubadilishiwa namba, na ndiyo sababu bunduki za Oberndorf za miaka ya mwanzo ya vita zina 655 ilhali za baadaye zina 135. Kwa hiyo tai akiwa na namba isiyolingana na msimbo wa kiwanda na mwaka ulioandikwa juu, kuna mambo mawili yanayowezekana: ama sehemu hiyo ilitoka kwenye bunduki nyingine, ama mtu ameiongeza alama baadaye. Hapo ndipo kazi ya kweli ya uchunguzi inapoanza, nayo haina haraka.

Bunduki ikibadilisha mikono, tabaka jipya la alama huongezwa juu ya lile la zamani. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Kar98k ambazo Czechoslovakia iliiuzia Israel mnamo 1948: juu ya chuma kimoja unaweza kukuta msimbo wa kiwanda cha enzi ya Wanazi, tai wa wakaguzi wao, na pembeni yake Nyota ya Daudi iliyopigwa na jeshi jipya, kisha 7.62 iliyochomwa kwenye kitako baada ya mtutu kubadilishwa ili utumie risasi za NATO. Hakuna aliyebuni mpangilio huo ili kutoa ujumbe. Mafundi waliokuwa na kazi nyingi waliongeza tu alama waliyoamriwa. Yugoslavia ilichagua njia nyingine, ikakwangua tai na swastika, ikaweka nembo yake na maneno yanayotaja Kiwanda namba 44. Kwa hiyo sehemu iliyolainishwa kwa msasa kwenye risiva si lazima iwe ushahidi wa mhalifu aliyetaka kuficha kitu, kwani huenda ni kazi halali ya ghala la serikali.

Ua lile lililokwanguliwa linaingia hapahapa. Ni ua la krisanthemu lenye petali 16, nembo ya ufalme wa Japani, na bunduki za Arisaka zilizokuwa mali ya jeshi la mfalme zililibeba juu ya chemba. Nyingi zilizosalimishwa baada ya vita kwisha 1945 zina ua lililofutwa kwa msasa au lililopigwa patasi, lakini zipo pia zilizofutwa mapema zaidi zilipotolewa jeshini na kupelekwa shuleni kwa mafunzo ya wanafunzi. Mikwaruzo peke yake haiwezi kukuambia ni ipi kati ya hizo unayoishika, wala hisia za aliyeshika msasa. Inafaa kutazama kama kuna alama nyingine za shule, kama namba ilibadilishwa, na kama umaliziaji wa risiva na shabaha ni wa kiwango cha jeshi.

Arisaka hunipa nafasi ya kusema neno juu ya tarehe, maana hapo ndipo hata watu makini hujikwaa. Mfumo wa 38 hauna uhusiano na 1938. Ni mwaka wa 38 wa utawala wa Meiji, yaani 1905. Mfumo wa 99 unahesabiwa kwa kalenda nyingine kabisa, ya tangu kuanzishwa kwa ufalme kwa mapokeo ya Wajapani, ambayo mwaka wake wa 2599 ni 1939. Herufi ndogo iliyo ndani ya duara mbele ya namba ya mfululizo hutaja kundi la uzalishaji kwa mpangilio wa shairi la kale la iroha. Mauser za Iran zilizotengenezwa Brno zina miaka ya kalenda ya jua ya nchi hiyo, hivyo 1317 inaangukia 1938 na mwanzo wa 1939, nayo si kazi ya fundi wa karne ya kumi na nne. China ilihesabu tangu kuundwa kwa jamhuri, ikawa mwaka wa 24 ni 1935. Italia, chini ya Mussolini, iliongeza tarakimu za Kirumi zilizohesabiwa tangu Oktoba 1922, na XVI kwenye mtutu wa bunduki ya Carcano ya nchi hiyo inaanzia Oktoba 1937 hadi Oktoba 1938. Yeyote anayeandika mwaka chini ya picha bila kusema ni wa kalenda ipi amemwachia msomaji kazi ambayo ilikuwa yake.

Nembo za wanyama nazo zinahitaji tahadhari hiyohiyo. Simba yupo kwenye bunduki za Iran, za Ethiopia na za Bulgaria, na picha yenu ya nne ilimtaja tu kuwa ni simba wa Afrika. Simba wa Iran hushika upanga na jua huchomoza nyuma ya mgongo wake; Simba wa Yuda wa Ethiopia huvaa taji na kubeba fimbo yenye msalaba; wa Bulgaria husimama kwa miguu ya nyuma. Kwa kadiri picha ilivyoonekana, upanga ulikuwepo.

Tuje kwenye mbao, ambako watu huona mambo mengi kuliko yaliyopo. Kwenye kitako cha bunduki ya Marekani ya M1 Garand kuna mihuri yenye herufi za kiwanda na za ofisa aliyekuwa akikiongoza, na P iliyo ndani ya duara huthibitisha kuwa bunduki ilifyatuliwa risasi za majaribio ikapita. Baada ya vita bunduki hizo zilipita kwenye karakana za ukarabati, nyingi zikabadilishiwa kitako, na muhuri wa karakana ukaongezwa kando ya ule wa kwanza au mahali pake. Kwa hiyo kitako hueleza historia ya kitako. Bunduki za Ujerumani za enzi ya kifalme zilikuwa na kisahani cha chuma kwenye kitako chenye herufi na namba za kikosi, jeshi lilipotaka kujua silaha ni ya kombania gani, na zile za jeshi la makoloni lililoitwa Schutztruppe zikapigwa K.S. Alama za namna hiyo zina thamani kubwa, na kwa hiyo huigwa sana. Kuhusu mikato midogo inayochongwa pembeni ya kitako, ambayo muuzaji yeyote atakuapia kuwa ni hesabu ya maadui waliouawa, msimamo wangu ni kwamba haiwezi kuthibitishwa, na gazeti linaloheshimika halipaswi kuichapisha kama habari. Penye uhakika wa kumpata askari mwenyewe ni pachache mno, na pazuri kuliko pote ni kwenye K31 za Uswisi, ambako askari aliweka karatasi yenye jina lake na kikosi chake chini ya bamba la kitako. Hata huko ningeomba majina hayo yasichapishwe, kwa kuwa wengine wao bado wana jamaa, au wako hai wenyewe.

Sasa nizungumzie ughushi, ambao makala yenu haikuugusa kabisa. Alama adimu hupandisha thamani, na vyuma vya kupigia mihuri vinatengenezeka. Herufi T iliyopigwa ubavuni mwa Lee-Enfield namba 4 huashiria bunduki ya mdunguaji, na mtu yeyote mwenye nyundo anaweza kuipiga. Lakini bunduki ya kweli ya aina hiyo ina mfumo mzima wa alama zinazoshuhudiana: herufi TR kwenye chuma kinachoshika shingo ya kitako, S51 chini ya kitako kama msimbo wa kampuni ya Holland & Holland iliyofunga darubini, namba ya darubini iliyopigwa juu ya mbao ya shingo, na namba ya bunduki iliyoandikwa kwenye mabano ya darubini. Nikiikuta T peke yake huanza kutilia shaka. Nikizikuta zote zikiwa zinaafikiana, naweza kuanza kuamini. Chuma chenyewe nacho husema. Alama iliyopigwa kabla ya rangi ya kiwandani kuwekwa huwa na rangi hiyo hadi chini ya mfereji wake, na kingo zake zimelainika pamoja na sehemu zinazouzunguka. Iliyopigwa jana huacha ukingo ulioinuka na chuma cheupe ndani, au rangi mpya iliyopakwa ili kuficha weupe huo. Alama za runi (herufi za kale za Kijerumani) za kikosi cha SS cha Wanazi ndizo zinazoghushiwa zaidi, na kwa maoni yangu bunduki yenye runi ihesabiwe kuwa ya kughushi mpaka ushahidi mwingine upatikane.

Kinyume chake, zipo namba zilizoongezwa bila nia ya kudanganya. Bunduki za Kijerumani zilizotekwa na jeshi la Kisovieti zilifumuliwa, sehemu zikachanganywa, kisha zikaunganishwa na kuandikwa namba moja kwa kalamu ya umeme, huku alama ya X ikipigwa kwenye risiva nyingi kati ya hizo. Namba zinazofanana katika hali hiyo zinathibitisha tu kwamba fundi mmoja alizikusanya pamoja mezani kwake.

Kwa wale wanaotaka kufanya uchunguzi wenyewe, jambo la kwanza ni kuhakikisha silaha haina risasi, bolti imetolewa, na umiliki wake unafuata sheria ya mahali walipo. Kisha waache msasa na nyuzi za chuma kabatini, kwa sababu zinafuta kile wanachokitafuta. Mafuta mepesi, kitambaa na mswaki laini vinatosha kuondoa grisi ngumu. Mwanga uelekezwe kutoka pembeni, karibu sambamba na chuma, ili kivuli kijaze mfereji wa alama, na unga wa chaki ukisuguliwa taratibu juu yake huifanya isomeke vizuri kwenye picha. Karatasi nyembamba ikiwekwa juu na kupakwa penseli hutoa nakala ya ukubwa halisi, ambayo mara nyingi inafaa kuliko picha. Muhimu kuliko yote hayo ni kuandika mahali alama ilipo, na nyingine zilizo karibu nayo, kwani herufi zilezile hubadilika maana kulingana na mahali. S moja kwenye sehemu ya Lee-Enfield namba 4 ni ya kampuni ya Savage ya Marekani. S juu ya chemba ya Steyr ni risasi iliyobadilishwa. SA kwenye mbao ya Garand ni kiwanda cha Springfield; SA ndani ya kiboksi kwenye mtutu wa bunduki ya Kirusi ya Mosin-Nagant ni jeshi la Finland.

Namba iliyofutwa kabisa ni jambo la polisi. Nyundo ya muhuri hukandamiza chuma hata chini ya mfereji unaoonekana, na maabara huweza kuirudisha namba kwa asidi. Mkusanyaji asijaribu, na asipige namba nyingine mahali pake. Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 2005 makubaliano ya kufuatilia silaha ndogo kwa kutegemea alama hizihizi, kwa hiyo si suala la mapenzi ya wakusanyaji pekee.

Ombi langu kwenu linahusu bunduki ya mwisho katika makala, ambayo mliiandika kuwa ya Marekani kwa sababu ya SA iliyo ndani ya kiboksi. Kwa sura ya bolti na shabaha hiyo ni Mosin-Nagant iliyopita mikononi mwa Wafini, na pembetatu yenye mshale inayoonekana kwa mbali, kama si kivuli cha picha, ni ya kiwanda cha Izhevsk huko Urusi. Wafini walitumia tena risiva za Kirusi kwa mitutu mipya, na mwaka wa risiva hupigwa upande wa chini wa ulimi wake wa nyuma, mahali pasipoonekana mpaka mbao itolewe; hivyo mtutu wa 1942 unaweza kukaa juu ya risiva iliyotengenezwa kabla ya 1900. Mwenye bunduki hiyo akikubali fundi aliyeidhinishwa aitoe mbao, akaipiga picha sehemu hiyo pamoja na rula kando yake, na kuangalia kama kuna herufi D juu ya mtutu, ambayo Wafini waliipiga kwa ajili ya risasi yao nzito ya D166, basi picha hizo zikiletwa ofisini kwenu nitakuwa tayari kuziandikia maelezo kamili kwa ajili ya toleo lijalo, nikitenganisha kila kinachosomeka na kile ninachokikisia.

Wako,
Msomaji na mkusanyaji wa silaha za kihistoria